Dirisha lifunguliwe lini, lifungwe lini

Mama yangu alikuwa na jibu moja kwa joto: "Fungueni madirisha!" Nimekulia Ng'ambo, Unguja, kwenye nyumba ya bati na madirisha ya nondo. Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba mpaka masika yakikaribia, kila kinachofunguka kilifunguliwa. Mlango wa mbele, mlango wa uani, na mapazia yakapigwa fundo juu yasizibe upepo.

Msimu nisioweza kuusahau ni ule wa Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kilipokaa gizani kiasi cha miezi mitatu baada ya hitilafu ya umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Feni zilisimama katikati ya kaskazi. Hapo ndipo nilipoiona elimu ya bibi. Usiku aliichovya kanga kwenye ndoo, akaikamua mpaka isidondoke, akajifunika, akalala chini kwenye sakafu ya saruji. Pepeo yake ya ukili haikutoka mkononi. Chumbani alitukataza kuingia kabla ya saa nne usiku, maana bati hata jua likizama huendelea kushusha moto wake. Tulikaa barazani na majirani, maji ya mtungi yakipita kwa kata kutoka mkono hadi mkono, mpaka ndani kupoe. Mie nilidhani watu wazima wanapiga soga tu.

Unguja kipimo hakipandi sana, nyuzi 32 au 33 hivi. Kinachochosha ni unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Upepo ndio unaolikausha, kwa hiyo kwa pale kwetu mama alisema kweli.

Nilipokwenda Maskati kukaa na mama mdogo, asubuhi ya kwanza nikafanya nilichozoea, nikafungua dirisha. Alinijia mbio kutoka jikoni: "Mwanangu, funga, unatuingizia tanuri!" Na kweli, hewa ilinipiga usoni kama nimefunua chungu kinachochemka. Kule mwezi wa Juni dirisha linafungwa, pazia zito linashushwa, na kiyoyozi hakizimwi. Tangi la maji liko juu ya paa, kwa hiyo bomba la maji baridi ndilo linalounguza. Dawa yake ni kuzima kabisa hita ya bafuni. Maji yaliyomo ndani yake hukaa kivulini, yakatulia, ukaoga kwa bomba la maji moto. Nyekundu ndiyo baridi, buluu ndiyo moto. Iliuchukua mkono wangu wiki nzima kukubali.

Mwishoni mwa Juni 2018 mji wa Quriyat, pwani hiyo hiyo ya Maskati, ulikaa usiku na mchana bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Naomba msomaji aitazame tena namba hiyo, kwani ndicho kipimo cha wakati uliopoa zaidi. Sheria ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Niliwaona vijana wa ujenzi wamejilaza kwenye kivuli cha ukuta saa hizo, nyuso wamezifunika kwa vilemba vilivyoloweshwa maji, nikamkumbuka bibi na kanga yake.

Sasa nipo London, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nikiwaambia watu wa nyumbani kuwa huku kuna joto la kuua, huwa wanacheka. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kwa tarehe 18 na 19 Julai 2022 ilitolewa tahadhari nyekundu ya joto kwa mara ya kwanza nchini hapa. Tarehe 19, Coningsby, huko Lincolnshire, ilifika nyuzi 40.3, na Uingereza haikuwahi kupima hivyo. Njia ya kurukia ndege ya uwanja wa Luton iliharibika kwa joto, na kule Wennington, pembezoni mwa London, nyumba za watu ziliteketea kwa moto. Hayo niliyaona kwenye simu. Nililoliona kwa macho yangu ni chumba kimoja.

Ghorofa ya nne, dirisha kubwa linalotazama magharibi, zulia ukuta kwa ukuta. Nyumba za huku zimejengwa kulishika joto lisitoke, na wakati wa baridi ni rehema kubwa. Dirisha lenyewe lina kizuizi, halifunguki zaidi ya upana wa kiganja, mtu asije akaanguka. Bibi ninayemhudumia, mwenye miaka themanini na kitu, alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha hilo, jua limemjaa mapajani, sweta amelivaa na vifungo vyote amevifunga. Chai niliyomwachia asubuhi imebaki nusu kikombe. Hakunywa maji kwa sababu anaogopa safari ya kwenda chooni peke yake. Nilipomgusa shingo ilikuwa ya moto na kavu. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki.

Feni ilikuwa inamvumia usoni. Nilimwekea mimi, kwa akili ya Unguja. Lakini kipimajoto cha ukutani kilisoma 36, na hewa ikishapita nyuzi 35 feni peke yake haimsaidii mtu, inaweza ikamwongezea joto. Nilipiga 999, namba ya dharura ya huku, nikaweka simu kwenye sauti kubwa, nikafanya walivyonielekeza. Nilimvua sweta, nikashusha pazia, nikachovya kanga yangu ya kuswalia kwenye sinki na kumfunika mabega, barafu nikaifunga kwenye taulo nikamweka kwapani na shingoni. Feni ikamvumia sasa juu ya ngozi iliyolowa. Wahudumu walipofika alikuwa ananiita kwa jina langu.

Alipona, alhamdulillahi. Wengi hawakupona. Majira yale vifo vya ziada, yaani vilivyozidi kawaida, vilivyohesabiwa hapa vilikaribia 3,000, na wengi wao walikuwa wazee. Ufaransa mwaka 2003 ilikuwa mbaya zaidi, kama watu 15,000, wengi wao wazee waliokuwa peke yao. Sioni kama wazee wale walikosa akili ya kujipoza. Mzee hahisi kiu kama kijana, na wengi wanakunywa vidonge vinavyotoa maji mwilini (msimwachishe mtu dawa kwa kusoma haya, muulizeni daktari wake). Wao walikosa baraza, walikosa wa kuwapitishia kata ya maji.

Kwa hiyo huku nimejifunza dirisha la tatu. Mchana linafungwa na pazia linashushwa, kama Maskati. Usiku, nje kukishakuwa na baridi kuliko ndani, linafunguliwa, kama Ng'ambo. Kinachoamua ni vipimajoto viwili vya bei rahisi, kimoja ndani, kimoja nje. Wanaokaa nyumba za chini wanaogopa wezi kuacha wazi usiku, na siwalaumu, kwa hao nafungua alfajiri.

Wiki hii wametangaza joto tena. Kesho nimeomba zamu ianze saa kumi na moja alfajiri. Nina nyumba nne. Nitafungua madirisha yote, nitajaza majagi ya maji na kuyaweka mkono unapofika, nitamsindikiza kila mmoja chooni ili anywe bila hofu, na mapazia ya upande wa mashariki yatakuwa chini kabla ya saa mbili. Ya bibi wa ghorofa ya nne yatasubiri mchana. Kanga nimeshamwachia, iko kwenye droo ya jikoni.