Waliwalilia Waafrika, wakasahau jina la jirani

Wapendwa Bwana asifiwe sana. Andiko la wiki hii ni 1 Yohana 4:20, "Mtu akisema, Nampenda Mungu, naye anamchukia ndugu yake, ni mwongo, kwa maana asiyempenda ndugu yake ambaye amemwona, hawezi kumpenda Mungu ambaye hakumwona." Naomba tulisome pamoja na riwaya moja ya Kimarekani, To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, ilitoka mwaka 1960, najua wengine mmeisoma shuleni na wengine mmeona filamu yake ya 1962 yule wakili akiigizwa na Gregory Peck.

Kwa ambao hawajaisoma, kwa kifupi tu. Ni mji mdogo unaitwa Maycomb, jimbo la Alabama, miaka ya 1930, maisha magumu kila mtu hana hela. Anayesimulia ni binti mdogo Scout, ana kaka yake Jem na rafiki yao Dill, baba yao Atticus Finch ni wakili. Mtu mweusi anaitwa Tom Robinson anashitakiwa kumbaka binti wa kizungu, Mayella Ewell. Atticus anamtetea na anaonyesha wazi kabisa mbele ya mahakama kwamba Mayella alipigwa upande wa kulia wa uso, na baba yake Mayella anatumia mkono wa kushoto, wakati Tom mkono wake wa kushoto ulishaharibika na mashine ya pamba tangu akiwa mdogo, haufanyi kazi. Kila mtu ameona. Na bado wale wanaume wa baraza la mahakama, raia wanaochaguliwa kuamua kama mshitakiwa ana hatia, wazungu watupu, wakarudi wakasema ana hatia.

Na msidhani mwandishi aliyatoa hewani. Harper Lee alizaliwa Alabama mwaka 1926, baba yake alikua wakili, na mwaka 1931 huko huko Alabama vijana 9 weusi walishushwa kwenye treni ya mizigo wakashitakiwa kubaka wanawake wawili wa kizungu, ndani ya wiki chache tu 8 kati yao wakahukumiwa kifo, na hata baadaye mmoja wa wale wanawake aliposimama mahakamani akasema hakuna kitu kama hicho kilichotokea bado wakaendelea kuwatia hatiani. Watatu wa mwisho walisamehewa rasmi mwaka 2013, wakati wote walishafariki. Hao ndio wanaitwa Scottsboro Boys.

Sasa nataka niwapeleke kwenye sehemu ambayo watu wengi wanaipita haraka, wanakimbilia mahakamani. Ni sura ya kikao cha kina mama. Kina mama wa umoja wa wamisionari wa kanisa la Methodist wamekutana nyumbani kwa kina Scout, wanakunywa kahawa na vitafunio, na mada ya siku hiyo ni Waafrika. Kabila linaitwa Wamruna, la kwenye hadithi tu, wanahudumiwa na mmisionari mmoja, na mama mmoja Mrs. Merriweather anaeleza shida zao, giza lao, magonjwa yao, huyu mama anasifika kwa ucha Mungu mji mzima na akiwaza wanaoteseka macho yake yanajaa machozi. Wapendwa, hapo wanaliliwa sisi! Mimi nikisoma pale kama Mwafrika nasimama kabisa. Maana dakika chache tu baadae mama huyo huyo anamlalamikia mpishi wake, mwanamke mweusi anaitwa Sophy, kwamba tangu kesi ya Tom iishe amenuna nuna jikoni, na akamkanya kuwa leo haufanyi Ukristo, Yesu hakutembea akilalamika.

Alafu anaanza kusema wamsamehe mke wa Tom. Wamsamehe! Yule mama mumewe yuko jela kwa kosa ambalo hakulifanya, ana watoto, hapati kazi kwa sababu watu hawataki kumuajiri, yeye ndio anasamehewa. Na kwenye kumtaja Mrs. Merriweather anakwama, anasema mke wa Tom, Tom… na mtoto Scout ndio anamalizia, Robinson mama. Jina la mmisionari aliye ng'ambo ya bahari analo, shida za Wamruna anazijua moja moja, ila huyu wa mji wake ambaye kesi yake ilijaza mahakama mpaka watu wakakosa pa kukaa, jina halimjii. Siku hiyo hiyo, wao wakiwa bado kwenye kikao, Atticus anarudi nyumbani, anatoa habari kule jikoni kwamba Tom amepigwa risasi akijaribu kuruka uzio wa jela. Risasi 17.

Sijasema kuombea walio mbali ni vibaya, hapana, tumeagizwa kwenda mataifa yote na tutaendelea kuomba na kutoa. Ila Yohana anasema ndugu *ambaye amemwona*. Huyo uliyemwona ana gharama. Ukimhurumia itabidi umpandishe mshahara, itabidi ugombane na majirani, itabidi usimame kwenye kikao useme hapana huyu mtu mnamwonea.

Na ona mwenyewe huruma ya Tom ilimfikisha wapi. Alipita kila siku nje ya nyumba ya Mayella akitoka kazini, akamwona binti hana msaada, wadogo zake wengi, baba mlevi, akamchania kuni akambebea maji bila kuchukua hata senti. Mahakamani mwendesha mashitaka akamuuliza kwa nini, akajibu nilimwonea huruma. Basi hapo ukumbi mzima wakachukia, mtu mweusi anamwonea huruma mzungu, yeye nani? Kwangu mimi hapo ndipo alipohukumiwa, hata kabla wale wanaume hawajaingia chumbani kujadili. Alimpenda jirani aliyemwona, kama alivyofanya yule Msamaria wa Luka 10, na ndio ikawa kosa lake.

Waliomlilia Tom kwenye kitabu hiki kweli kweli pale mahakamani ni watoto. Dill alilia mpaka akatolewa nje, sio kwa sababu ya hukumu, bado haijatoka, ni kwa jinsi tu yule mwendesha mashitaka alivyokua anaongea na Tom kwa dharau. Jem alilia usiku ule hukumu ilipotoka, alikua anaamini watu wa Maycomb ndio watu wema kuliko wote duniani. Na kuna mzee pale nje anasema kuhusu Dill, akikua kidogo hatalia tena. Hilo neno limeniumiza wiki nzima, kwa sababu ni kweli, tunaona ni kukomaa. Yesu katika Mathayo 18 anasema msipoongoka na kuwa kama vitoto hamtaingia kamwe katika ufalme wa mbinguni, na sisi tunawafundisha vitoto kukausha macho. Wanatusikia sebuleni tukisema kabila fulani ni wezi, wale ndio wachawi, usioe kule, wanasikia tunavyomwita dada wa kazi, kesho yake tunawapeleka Sunday school wakaimbe Yesu anawapenda wote.

Nisisahau kanisa lingine la pale Maycomb, la watu weusi, ambapo Calpurnia mpishi wa kina Scout aliwapeleka watoto Jumapili moja. Halina hata vitabu vya nyimbo, mmoja anasoma mstari wengine wanaitikia. Mchungaji Sykes alitaka dola 10 za kumsaidia Helen, mke wa Tom, sadaka haikutosha, akaagiza milango ifungwe hakuna kutoka mpaka zitimie, masikini wale wakatoa senti moja moja zikatimia. Pale walimtaja kwa jina lake, Helen.

Kwa hiyo kwenye maombi yetu ya wiki hii naomba kila mmoja aje na jina kamili, la kwake na la baba yake, la mtu mmoja wa karibu ambaye nyumbani kwenu au mtaani mmezoea kumsema vibaya au kumdharau, tumuombee kwa jina. Kama hulijui, tafadhali nenda kamuulize kabla hujaja.