Gesi Inayoiamuru Mishipa Itanuke

Katika fiziolojia yote ya mishipa ya damu, hakuna kinachonivutia kama hili: amri ya kutanuka hupelekwa na gesi. Upande wa ndani wa ateri umefunikwa na safu moja ya seli, endothelia, ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa bitana tu. Mwaka 1980, Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha, kwa kutumia vipande vya aota ya sungura, kwamba asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe mwilini, huulegeza mshipa pale tu safu hiyo inapokuwa salama. Ikisuguliwa ikatoka, mshipa haulegei.

Ujumbe wenyewe ni gesi iitwayo nitriki oksidi. Asetilikolini inaponasa kwenye kipokezi chake, kalsiamu huongezeka ndani ya seli ya endothelia na kuamsha kimeng'enya kinachotengeneza gesi hiyo kutokana na asidi amino iitwayo ajinini. Gesi haihitaji mlango: hupenya utando hadi katika seli jirani ya msuli laini, ambako huchochea utengenezaji wa GMP ya mviringo, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, kalsiamu ikapungua na msuli ukalegea. Baada ya sekunde chache gesi imekwisha kutoweka.

Nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua tangu karne ya 19, hutoa gesi hiyohiyo mwilini, na Alfred Nobel, aliyetajirika kwa baruti iliyotokana nayo, aliandikiwa dawa hiyo na madaktari wake. Mwaka 1998 tuzo yenye jina lake walipewa Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, Zawadzki hakuwamo.