Dawa ya kuunga mfupa ipo, kazi ni kuifikisha palipovunjika

Watu wengi wanadhani mfupa ukivunjika kinachouponya ni hogo au chuma, hapana, hivyo vinashikilia tu vipande visicheze, kazi ya kuunga inafanywa na mwili wenyewe. Damu inaganda pale palipovunjika, zinakuja seli za kula mfupa uliokufa, halafu seli shina (stem seli, seli changa zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine) kutoka kwenye uboho na kwenye utando unaofunika mfupa zinapewa ujumbe wa kikemikali zigeuke kuwa seli za kujenga. Ujumbe ukiwa hafifu, au mtu ni mzee, ana kisukari, anavuta sigara, au mfupa ulitoka nje na damu haifiki vizuri, zinachelewa au hazigeuki kabisa.

Ndo yaliyomkuta binamu yangu. Ajali ya boda, paja likakatika katikati, akawekewa chuma ndani, miezi imepita na juzi kliniki daktari kapachika eksirei kwenye taa, mstari mweusi upo palepale, tena kingo za vipande zimekuwa nyeupe sana na laini bila meno meno, akatwambia hiyo ni dalili kwamba mwili umeanza kuacha kuziunganisha. Kijana fundi rangi, ana watoto wawili, ngazi hapandi. Imeniuma sana, na tangu siku hiyo nasoma hizi habari kila nikipata nafasi.

Kumbe dawa za kuzisukuma hizo seli zipo siku nyingi bana. Mwaka 1965 daktari Mmarekani Marshall Urist alichukua mfupa akautoa madini, akaupachika ndani ya msuli wa mnyama, mfupa mpya ukaota humo humo kwenye nyama! Waliokuwa wanafanya hiyo kazi ni protini ambazo baadae zikaitwa BMP. Mwaka 2002 Marekani ikaruhusu BMP-2, mojawapo ya protini hizo iliyotengenezwa maabara, kwenye upasuaji wa uti wa mgongo, inaloweshwa kwenye sponji ya kolajeni inawekwa pale. Tatizo sponji inaiachia dawa haraka, kwa hiyo ili ibaki ya kutosha inabidi waweke miligramu nzima nzima wakati mwili wenyewe unatumia kiasi kidogo mno, na ikitoroka inaleta balaa, mfupa unaota mahali pasipotakiwa, shingo inavimba hadi mtu anashindwa kumeza au kupumua, mpaka 2008 FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani) ikatoa onyo kuhusu kuitumia shingoni.

Sasa hapa ndo nikawapenda kikundi cha mtafiti Danielle Benoit, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Rochester, New York, kazi yao ilitoka 2017. Wao waliangalia zile seli za kula mfupa, zikipita zinaacha nyuma kimeng'enya kinaitwa TRAP kimeng'ang'ania pale pale kwenye mfupa, yaani palipovunjika mwili umeshaweka alama wenyewe. Wakachukua chembe za nano za polima, ndogo kiasi kwamba upana wa unywele mmoja unazizidi mara nyingi mno, ndani wakapakia dawa, nje wakabandika peptidi (kipande kifupi cha protini) inayonasa TRAP, wakawadunga mshipani panya waliovunjika paja. Chembe zikarundikana kwenye mvunjiko zaidi kuliko zile zisizo na peptidi na mifupa ikaunga vizuri zaidi.

Dawa yenyewe inazuia kimeng'enya GSK3-beta (lithiamu wanayopewa watu wenye baipola nayo inakizuia), ukikizuia basi protini ya beta-katenini inajaa ndani ya seli shina na seli inashika njia ya kuwa mfupa. Ila beta-katenini hiyo hiyo ikichochewa ovyo inahusika na saratani ya utumbo mpana, kwa hiyo kuiachia dawa kama hii izunguke tu kwenye damu ni sawa na kumpa boda mzigo bila lokesheni. Kwangu mimi hiyo peptidi ni ugunduzi mkubwa kuliko dawa.

Bado ni panya lakini, na panya mfupa wake unaunga ndani ya wiki chache hata asipopewa kitu. Na chembe nyingi za nano zikishaingia kwenye damu zinaishia kukamatwa na ini na wengu. Natamani kuona majaribio kwa wanyama wakubwa, wazee, wenye kisukari, maana hao ndo mifupa inawagomea.

Kwa hiyo wanaomtumia binamu yangu matangazo ya WhatsApp ya vidonge na unga wa stem seli eti unaunga mifupa, tafadhali acheni, mnamlia hela mtu asiye na kazi. Chembe nilizoeleza haziuzwi popote.

Yeye anapangiwa kuchotwa mfupa kwenye nyonga upandikizwe pajani, njia ya zamani ila inabeba seli shina zake mwenyewe pamoja na protini zake. Kama kuna mtu alishafanyiwa hiyo naomba aniambie maumivu ya nyonga yalikaa muda gani, maana hapo ndo anapoogopa kuliko paja lenyewe.