Saadani na watoto, kaskazi hii
Likizo ya Desemba tumewapeleka watoto Saadani, tukitokea hapa Bagamoyo. Huko Ulaya na Siberia sasa ni barafu tupu, basi ndege wao wamehamia kwetu kula kaa! Maji yalipokupwa, ufukwe ulijaa chekeamwezi wakikimbizana na mawimbi, na sululu, wale wa mdomo mrefu uliopinda, wakichokoa tope. Mama mkwe akaguna: "Hawa nawaona tangu utoto, kumbe wageni?"

Saadani imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na nyika yake inaishia mchangani kabisa. Kwenye mashamba ya chumvi tulikuta heroe (flamingo) kundi zima, vichwa chini, wakichuja maji kwa midomo. Hapo nilikaa mpaka baba watoto akaanza kupiga honi.

Mto Wami tulipanda boti: viboko, mamba, mbega kwenye miti ya kando, na mdiria aliyezama akaibuka na samaki. Simba hatukuwaona, na mimi sikusikitika hata kidogo.

Jamani, mwenye darubini ya kuazimisha anitumie ujumbe. Tunataka kurudi kabla sululu hawajaanza safari ya kwao.