Lori likisimama, subiri kwanza

Nina miaka 71. Barabara ya Morogoro hapa Magomeni, Dar es Salaam, nimeivuka tangu naanza ualimu, na kwa miaka mingi nikiwavusha na wanafunzi wangu. Siku iliyonivunja mkono nilikuwa kwenye zebra, na gari lilikuwa limesimama kunipisha.

Ilikuwa jioni, natoka sokoni na kikapu. Lori la mchanga likasimama. Dereva, kijana mwenye adabu, akanipungia mkono: "Pita, mama." Nikaona vibaya kumweka akinisubiri. Nikakaza mwendo, nikapita mbele ya lori na kuingia njia ya pili bila kutazama. Bodaboda ilikuwa inalipita lori kwa kulia. Lori lile refu lilikuwa limetuziba, mimi simwoni mwenye bodaboda, yeye hanioni. Pikipiki yake ikakigonga kikapu, nami nikaangukia mkono. Nikafungwa P.O.P, ile plasta ngumu, wiki sita.

Nimefundisha hesabu miaka 31, kwa hiyo nilipokuwa nimekaa nyumbani nilianza kupiga hesabu. Njia mbili za upande mmoja ni kama mita saba. Mjukuu wangu alinipima kwa saa ya simu nikitembea umbali huo uani: sekunde tisa. Zamani ningesema nne au tano. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo kwenye makazi ya watu, inakula karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde zangu tisa imekwishapita mita 126, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Ninapoanza kuvuka inaweza kuwa mbali hata siisikii, na bado ikanikuta barabarani.

Tangu hapo, gari likisimama namshukuru dereva kwa mkono, napita mbele ya gari lake hadi pale linapoishia, halafu nasimama. Nachungulia njia ya pili. Nikimwona dereva wa pili amesimama, au njia ni tupu kabisa, ndipo naendelea. Ni sekunde mbili tatu. Wengine wanapiga honi, na mimi siikimbilii honi yao. Dereva aliyenipungia ni mwema, lakini anachojua ni cha gari lake tu.

Pale katikati ya barabara kuna njia za mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka, na hapo wazee wenzangu nawaomba tusivuke kwa mazoea. Ukitoka upande wowote, magari ya kawaida ya kwanza yanatoka kulia. Njia za mwendokasi zinakuja na basi la kulia, kisha la kushoto. Ukimaliza hapo, magari ya kawaida tena, sasa yanatoka kushoto. Mimi sizivuki zote kwa pumzi moja. Kila sehemu salama ya kusimama natulia, naweka kikapu chini, naanza upya kutazama. Na bodaboda tazama pande zote mbili, maana wapo wanaokuja kinyume.

Jicho langu la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho kabla sijafanyiwa upasuaji. Taa za magari za jioni zilikuwa zinatawanyika kama moto kwenye kioo chenye vumbi, nikashindwa kujua gari liko karibu au mbali. Kama unaona hivyo, nenda ukapimwe macho, na shughuli zako zimalize kabla ya magharibi. Giza likikukuta nje, jitande kanga nyeupe. Ile ya bluu iliyoiva, dereva anaiona ukiwa umeshafika mbele ya taa zake.

Nanyi vijana mnaoendesha, bibi akisimama mbele ya gari lako, msimpigie honi wala msimwambie "harakisha." Kabla hujampungia mkono, tazama kioo cha pembeni kama kuna pikipiki inakuja. Ikiwepo, mnyooshee kiganja asimame. Dereva mmoja wa bajaji alinifanyia hivyo wiki iliyopita, na nilimwombea dua mpaka nafika nyumbani.

Jumamosi nampeleka jirani yangu kliniki ya presha. Yeye ana miaka 78 na anatembea kwa mkongojo. Nimemwambia tutoke nusu saa mapema kuliko kawaida, na tutavukia kwenye zebra ileile, mimi nikiwa upande wa kulia kwake.