Ghala la data limefungwa, lakini ufunguo ameushika nani?

Ukipakia jedwali kwenye ghala la data kama BigQuery ya Google au Snowflake leo, data husimbwa (hugeuzwa isisomeke bila ufunguo) kabla haijatua kwenye diski, na hakuna kitufe cha kubonyeza. S3 nayo, hifadhi ya mafaili ya Amazon (AWS) ambako mafaili mengi hupita yakielekea ghalani, husimba kila faili jipya tangu Januari 5, 2023 hata usipoomba. Kwa hiyo mkaguzi akiuliza kama data imesimbwa, jibu la "ndiyo" halimwambii kitu. Aulize nani anaweza kuuzima ufunguo, na ukizimwa ni kazi gani zitasimama.

Ufunguo unaouona kwenye huduma ya funguo kwa kawaida haugusi data yenyewe. AWS KMS, huduma ya funguo ya Amazon, hupokea baiti 4,096 tu katika ombi moja la kusimba, sasa terabaiti 2 zingepitia wapi? Data husimbwa kwa funguo ndogo, aghalabu za AES-256 (kanuni ya usimbaji), zinazokaa pamoja nayo. Funguo hizo ndogo husimbwa na ufunguo wa juu yake, na huo na wa juu zaidi. Redshift, ghala la data la Amazon, ina ngazi 4: ufunguo mkuu, wa klasta (kundi la seva), wa hifadhidata, na funguo za data zinazosimba kila bloku. Snowflake pia ina ngazi 4: mkuu, wa akaunti, wa jedwali, wa faili. Kila ngazi huilinda ile iliyo chini yake tu. Ukikata ya juu, zote zilizo chini zimekwisha, hata kama baiti zote bado zipo diskini.

Hapo ndipo wengi huelewa vibaya kuzungusha funguo, yaani kuustaafisha ufunguo na kuanza kutumia mpya. Snowflake huzungusha funguo zake zikipita siku 30, ila ufunguo mpya ni wa data mpya. Ya zamani hubaki chini ya ufunguo uliostaafu, ambao sasa kazi yake ni kufumbua tu, yaani kuifanya data isomeke tena. Ukitaka data ya zamani isimbwe upya, washa mpangilio wa PERIODIC_DATA_REKEYING, inayohitaji toleo la Enterprise. Funguo zilizostaafu zaidi ya mwaka mmoja hubadilishwa na mafaili huandikwa upya. Bili ya hifadhi hupanda kidogo, kwa sababu mafaili ya zamani hukaa siku 7 zaidi kwenye Fail-safe, akiba ya Snowflake ya kuokoa data. Kwenye BigQuery hali inafanana: ukizungusha ufunguo wako, jedwali lililopo hubaki na toleo lile lile la zamani. Basi kuharibu toleo la zamani kwa kuwa "tumeshazungusha" ni kulichoma jedwali.

Ukiamua kushika ufunguo mwenyewe kwenye BigQuery, anza na mahali. Ufunguo lazima ukae eneo moja na seti ya data, na mtego uko kwenye majina: seti ya data iliyo EU huhitaji ufunguo ulioundwa "europe". Kisha tafuta akaunti ya huduma ya usimbaji, ambayo BigQuery huitumia kuufikia ufunguo, kwa amri ya bq show --encryption_service_account, uipe ruhusa ya kusimba na kufumbua juu ya ufunguo huo mmoja, si mradi mzima. Kosa la kila siku ni kumpa ruhusa hiyo mchambuzi. Haihitaji. Anayeufikia ufunguo ni BigQuery, yeye anahitaji ruhusa ya kusoma jedwali tu.

Ufunguo wa msingi wa seti ya data huyashika majedwali yatakayoundwa baadaye. Yaliyopo hayaguswi, unayanakili juu yao wenyewe kwa bq cp -f ukitaja --destination_kms_key. Matokeo ya muda ya kwiri (ombi la kusoma data) nayo hayafuati ufunguo wa seti ya data, kwa hiyo weka pia ufunguo wa msingi wa mradi. Bila hivyo, jedwali liko chini ya ufunguo wako na nakala ya matokeo yake iko chini ya ufunguo wa Google.

Usimbaji huu wote humzuia mwizi wa diski. Mwenye nenosiri na ruhusa ya SELECT, yaani ya kusoma jedwali, huoneshwa kila kitu kikiwa wazi, na wizi mwingi hupitia mlango huo. Kwa namba za vitambulisho au kadi, simba safu yenyewe kabla haijaingia ghalani, ukijua gharama yake: safu iliyosimbwa haibaniki vizuri, na kuchuja kwa masafa, kama tarehe kati ya hii na ile, hakufanyi kazi tena. Ukitaka kuunganisha majedwali kwa safu hiyo, utahitaji usimbaji unaotoa jibu lile lile kwa thamani ile ile. Huo usiutumie kwenye safu yenye thamani chache, mfano jinsia: kuhesabu marudio tu kunatosha kukisia.

Nakala rudufu zina shida yake. Ufunguo wa kawaida wa AWS KMS hautoki kanda yake, yaani eneo la vituo vya data ulikoundwa, hivyo kunakili snapshoti (nakala ya wakati fulani) ya Redshift iliyosimbwa kwenda kanda nyingine huhitaji kwanza kibali cha kutumia ufunguo wa huko. Timu nyingi hugundua hili siku ya janga.

Kufuta ufunguo ndilo tendo hatari kuliko yote. AWS hukupa muda wa kungoja wa siku 7 hadi 30. Chagua 30 daima. Na kabla ya kufuta, zima. Ufunguo uliozimwa huwashwa tena, uliofutwa haurudi. Uache umezimwa hadi ripoti ya mwisho wa mwezi na kazi za robo mwaka zipite, maana hizo ndizo hushika majedwali ambayo hakuna anayeyakumbuka. Tega tahadhari kwenye CloudTrail, kumbukumbu ya matukio ya AWS, kwa matukio ya DisableKey na ScheduleKeyDeletion, na ujumbe uende kwa watu wawili wasiochukua likizo wiki moja.