Tak ya kwenye feri

Mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti asubuhi hii. Hamna salamu, hamna neno, ni mlio tu: tak. Kimya. Tak. Chini yake kaandika, "Mjomba, ninunue betri?"

Nikajiona niko kwenye gari la Ami, lile jeupe mnalolijua, na masufuria ya harusi ya Ukunda yamejaa nyuma. Wakati huo barabara ya Dongo Kundu, ile ya kutoka Mombasa kwenda Pwani ya Kusini bila feri, ilikuwa bado. Kwenda Kusini ni feri, au uzunguke Mariakani na Kinango ukale vumbi.

Tangu Mji wa Kale Ami alikuwa akiilalamikia betri. Kuna fundi alikuwa amemwambia imekwisha, na kwamba anayo nyingine, bei ya jamaa. Feri ikaja, tukaingia wa kwanza, mstari wa mbele kabisa. Injini ikazimwa, handibreki ikavutwa, tukavuka. Upande wa Likoni mlango wa feri ukashuka, watu wa miguu wakamiminika, mfanyakazi akatupungia mkono tutoke. Ami akapiga stata.

Tak.

Nyuma yetu lori la saruji, nyuma ya lori matatu, na nyuma ya matatu honi zisizojulikana zatoka wapi. Siku hiyo ilikuwa bamvua na maji yametoka, kwa hiyo ile njia ya kupandia nchi kavu ilikuwa imesimama, tena imelowa. Utingo wa lori akaruka chini na wenzake: "Sukumeni!" Sasa, gari la gia za mkono huwaka kwa kusukumwa, ndio, lakini hutaka tambarare au mteremko: swichi umewasha, gia ya pili, mguu kwenye klachi, likishashika mwendo unaiachia klachi kwa ghafula. Kwa kupanda mlima wa zege hupati kitu ila jasho. (La otomatiki ndiyo usihangaike nalo kabisa, ukilisukuma mpaka Kwale, magurudumu hayataizungusha injini.) Mama mmoja mwenye kikapu kichwani akasimama dirishani. "Baba, piga Bismillahi, uwashe tena."

Ami akapiga Bismillahi. Tak.

"Betri imekufa, mwanangu. Si nilikwambia?"

"Haijafa, Ami. Hebu washa taa kubwa."

"Mchana wote huu?"

"Washa, halafu piga stata, usiuachie ufunguo."

Nikasimama mbele ya gari, kiganja nimekikinga juu ya taa ili nione. Ufunguo ukigeuka na taa zikafifia mpaka rangi ya chungwa, au zikazimika, basi ama betri imeisha ama taminali, vile vibano vya nyaya juu ya betri, hazikushika. Tak-tak-tak za mfululizo nazo ni habari hiyo hiyo: selenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta, umeme unaanguka, inaachia, inavuta tena. Lakini taa zikibaki kali, na stata ikatoa tak moja ikanyamaza, umeme upo, ila kuna pahali umezuiwa usifike. Taa za Ami hazikutikisika hata kidogo.

Palibaki pahali pawili. Ndani ya stata yenyewe kuna vipande viwili vya shaba ambavyo selenoidi huviunganisha; vikilika, mlio unausikia na stata haizunguki. Hapo ukiigonga stata taratibu kwa wilspana, mara nyingine huamka ikakufikisha nyumbani. Pahali pa pili ni nyaya. Nikafungua boneti. Taminali zilikuwa safi, zimekaza, hazichezi kwa mkono. Firimbi ya yule mfanyakazi ikawa haina pumzi tena. Katika kupapasa, vidole vyangu vikagusa kebo ya aksileta, na nikavitoa mbio. Ilikuwa inaunguza. Si ule uvuguvugu wa injini iliyotoka safari; kebo yenyewe, katikati yake, mbali na chuma chochote cha moto.

Kebo ya aksileta haina kazi na umeme. Lakini fikirini njia ya stata. Waya mnene mwekundu unaipelekea umeme, na wa kurudishia hauna: umeme hurudi kwa chuma cha injini, na kutoka injini kwenda betri na bodi kuna waya au mkanda wa shaba uliosukwa, ule ambao mafundi wanauita athi. Athi hiyo ikikatika, umeme hutafuta kichochoro. Kebo ya aksileta ni chuma ndani, imeshika injini upande huu na bodi upande ule. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 hadi 200; kebo ile nyembamba haikuumbwa kwa mzigo huo, ikachemka. Taa zenyewe zimefungwa kwenye bodi, na athi ya bodi, yaani waya wake wenyewe wa kwenda betri, ilikuwa nzima. Zitafifia kwa lipi?

Nyaya za jampa zilikuwa kwenye buti, chini ya masufuria, bila shaka. Yakashushwa pale pale kwenye sakafu ya feri, na lile kubwa la pilau utingo akalibeba kichwani akatangulia nalo nchi kavu, sijui nani alimwambia. Nikachukua waya mweusi peke yake: taya moja kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye ndoana ya kunyanyulia injini, chuma kitupu kisicho rangi.

"Piga, Ami."

Likawaka kabla ufunguo haujafika mwisho. Betri ile ile.

Yaliyobaki ya siku hiyo ni mafupi: Ukunda tulifika, pilau ikapikwa, gari tukaliegesha kwenye mteremko kwa kulichelea.

Kesho yake nikaja na mita. Betri imepumzika: volti 12.6, imejaa. Kisha waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya negativu, wa pili kwenye chuma cha injini, Ami anapiga stata. Hapo kisomo kizuri ni chini ya volti 0.2, na kikipita 0.5 kuna tatizo. Mita ilipita 5. Mkanda wa athi, uliofungwa kwenye gia boksi kwa bolti ya spana namba 12, kwa juu ulionekana mzima. Chini ya bolti ulikuwa unga wa kijani, nyuzi zimekatika. Gari linalolala limeelekea bandari ya kale, likinusa chumvi usiku kucha, litaacha kuliwa? Nikaweka waya mpya wa milimita mraba 25, lagi, vile vichwa vya waya, zimebanwa kwa koleo lake, chuma kimepigwa msasa mpaka kimeng'aa, bolti ikakazwa, na grisi ikapakwa mwisho, juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa.

Hata kiungo kisichokatika kabisa hudanganya. Ukinzani wa omu 0.02 tu, kwa ampea 150 za stata, hula volti 3. Kwa taa zote mbili kubwa, ambazo hazifiki ampea 10, hula volti 0.2, na jicho halioni. Ni bomba lililoziba kutu: kikombe kitajaa, ndoo utaingoja mpaka magharibi. Na ndiyo maana betri mpya husifiwa kwa kazi ya msasa. Fundi akija kuibadilisha, hufungua taminali, negativu kwanza ili spana isigonge bodi ikapiga cheche, azimwagie maji moto, azikwangue, azikaze. Gari likawaka. Ile ya zamani anaondoka nayo.

Mpwa nimemwandikia: washa taa, piga stata, niambie umeona nini. Hajajibu, nadhani yuko dukani.

Ila kwa Ami sikupata ushindi. Kaskazi ilipokolea, na joto ndilo muuaji mkubwa wa betri huku kwetu, ile betri ikafa kweli: imepumzika yasoma 12.5, ukipiga stata yaanguka chini ya 8. Ami akarudi kwa fundi wake. Nikamweleza kwamba ugonjwa wa feri na huu ni magonjwa mawili mbalimbali, nikamchorea na mchoro. Akaniuliza, "Fundi alisema betri, au hakusema?"

Alisema.

Ile bei ya jamaa ilikuwa imeshapanda, na Ami huihesabu tofauti kuwa deni langu. Mpaka leo sijajua kama anatania.